Kinyozi Waliyemwita Mlevi

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, kama uko jikoni punguza moto, kama uko njiani punguza mwendo kidogo. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Tunamkumbuka kinyozi. Na niwaambie mapema, kipindi hiki kimeandaliwa na watu wenye hasira. Tumejaribu kuipoza, imekataa.

Wateja walimwita Mstari. Jina lake halisi mkewe anabaki nalo nyumbani, na kwa heshima yake tutamwita hivyo hivyo, Mstari. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Pombe hakunywa. Naomba mshike mambo haya mawili. Alikuwa na kisukari. Pombe hakunywa, si ya sherehe, si ya baridi, si ya kuonja.

Jina la Mstari alilipata kwa kazi. Alipokuwa anachonga nywele za mbele, pale paji la uso linapoanzia, alikuwa haongei. Ulimi aliubana kwenye kona ya mdomo, macho aliyakaza, na mkono ulitembea bila kutetereka hata kama nje magari yanapigiana honi. Akimaliza, anarudi nyuma hatua moja, anakutazama kwenye kioo, kisha anasema, "Kichwa ni chako, mstari ni wangu. Usiuchezee." Watu walitoka mitaa ya mbali kumfuata. Wengine walihama mji kabisa, lakini wakija kusalimia wazazi walipitia kwake kwanza, wazazi baadaye.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, vioo vitatu, redio juu ya rafu, na chupa kubwa ya spiriti. Ile spiriti ya kupaka baada ya kunyoa, inayokuchoma mpaka unakunja uso. Mstari aliipaka kwa viganja vyake mwenyewe, kichwa baada ya kichwa, kutwa nzima. Akirudi nyumbani alinukia spiriti. Mashati yake yalinukia spiriti. Mkewe, ambaye ni fundi wa mapazia, alizoea kumwambia, "Mume wangu, wewe ukisimama karibu na jiko tutaungua wote."

Walicheka. Wakati huo lilikuwa jambo la kucheka.

Basi kisukari kikaingia. Alianza kwa kiu isiyoisha na kwenda haja ndogo kila mara, akapungua, macho yakawa na ukungu. Alipoenda hospitali akaambiwa ana kisukari na kwamba atahitaji dawa ya kujidunga. Mstari, mtu aliyeshika wembe maisha yake yote, aliogopa sindano ndogo kama mtoto. Lakini alijifunza. Kila asubuhi alijidunga, bila kukosa.

Hapo ndipo penye kosa, wasikilizaji wangu. Kujidunga alifundishwa vizuri. Kula hakufundishwa. Foleni siku ile ilikuwa ndefu, daktari alikuwa amechoka, na maneno aliyoondoka nayo Mstari yalikuwa haya: "Punguza kula, acha sukari. Anayefuata!"

Akayabeba nyumbani kama amana. Na nyumbani akamkuta kaka yake mkubwa, mwalimu wa udereva, mtu anayependa kutoa maelekezo hata akiwa hajakaa kwenye gari. Kaka mtu akaongeza ya kwake. "Mdogo wangu, sukari ni sumu. Wewe funga mdomo tu. Njaa haijawahi kumuua mtu."

Mstari alimheshimu kaka yake. Akafunga mdomo. Asubuhi alijidunga dawa kipimo kilekile, akanywa chai kavu, akaenda kazini. Mchana wateja walikuwa wamejaa benchi mpaka mlangoni, hakula. Alijisifia kabisa. Alimwambia mkewe, "Siku hizi sioni hata hamu ya chakula. Nadhani ninapona."

Haikuwa kupona. Dawa ile kazi yake ni kushusha sukari kwenye damu. Ukijidunga bila kula, dawa haina habari kwamba hujala, inashusha tu. Na sukari ikishuka mno, kichwa ndicho kinachoumia kabla ya viungo vingine.

Ilianza kwa vitu vidogo. Alimnyoa mteja, akamaliza, akamwambia akae anyolewe. Alisahau majina ya watu aliowanyoa tangu wakiwa wanabebwa. Mchana mmoja alimkaripia mzee mmoja mpole, mteja wa siku nyingi, eti amekalia kofia yake. Mstari hakuwa na kofia. Hajawahi kuwa nayo. Baadaye alipoambiwa, alikataa katakata. "Mimi? Nimgombeze yule mzee? Mnanitania."

Hakukumbuka chochote. Hilo lilimtesa kuliko yote. Fikiria watu wanakuhadithia mambo uliyoyafanya, wote wanakubaliana, na wewe ndani yako hakuna kitu. Alianza kujiogopa. Alianza kukaa kimya kwenye maongezi, akichelea kwamba labda ameshasema jambo na amelisahau.

Kisha ikaja Jumamosi ya bwana harusi.

Bwana harusi alifika alasiri na wapambe wake, wamejaa furaha na manukato. Harusi ilikuwa jioni ileile. Walisubiri zamu yao, kwa sababu kila mtu alitaka mkono wa Mstari. Mstari alikuwa hajala tangu alfajiri. Jasho lilikuwa linamtoka, mikono inatetemeka, na yeye alijiambia ni joto. Bwana harusi akakaa. Mstari akawasha mashine, akaiweka kwenye paji la uso, akaipitisha moja kwa moja katikati ya kichwa mpaka kisogoni. Barabara nyeupe, pana, inayong'aa. Kisha akazima mashine, akachukua ufagio, akaanza kufagia.

Halafu bwana harusi akajiona kwenye kioo.

"Umenifanya nini? Wewe, umenifanya nini?"

"Toka kwenye kiti changu," Mstari akamjibu, ulimi mzito. "Toka, wewe si mteja."

Mpambe mmoja akamsogelea, akamshika shati, akanusa. "Huyu amelewa! Ananuka pombe waziwazi!"

Ilikuwa spiriti, wasikilizaji wapendwa. Chupa ilikuwa pale pale, nusu mita kutoka puani mwake. Lakini mtu akishaamua analonusa, pua inamfuata. Simu zikatoka mifukoni. Picha ya kichwa cha bwana harusi ilizunguka kabla harusi yenyewe haijaanza. Mwenye saluni aliitwa, akaja, akamkuta Mstari amekaa chini anaongea na ufagio. Akamfukuza hapo hapo. Na kabla ya wiki kuisha, mtaa mzima ulikuwa umembadilisha jina. Mstari hakuwa Mstari tena. Wakamwita Kona, eti mstari umepinda.

Watu wetu ni wepesi wa kutania, hilo tunalijua na tunajivunia. Lakini mzigo wa utani ule aliubeba binti yake. Alirudi kutoka shule akiwa amefura macho. Akamuuliza mama yake, "Mama, baba anakunywa wapi? Niambie tu, nikamchukue mwenyewe kabla watu hawajamwona."

Mkewe alituambia hivi, na sauti yake tunaikumbuka: "Nimelala na yule mwanaume miaka yote. Angekuwa anakunywa, ningejua. Nilimnusa mdomo, si shati. Nilimwambia shemeji, njoo unuse mdomo wake! Akasema yeye hanusi midomo ya watu."

Jumapili moja mchana shemeji huyo, yule kaka mkubwa, alikuja kumsema mdogo wake. Alikuwa amejiandaa, hotuba anayo kichwani. Akamkuta Mstari mezani, ametoa macho, anajaribu kufungua kabati la vyombo kwa kijiko. Shati limeloa jasho. Binti akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Unaona?" kaka mtu akasema. "Jumapili! Mbele ya mtoto! Umekunywa tena."

"Hajatoka nyumbani leo, shemeji," mkewe akasema. "Hajatoka hata mlangoni. Amekunywa wapi, ndani ya kabati?"

"Mpe chai ya moto imkate ulevi."

Mama yule akamimina chai. Na kwa kuwa alikuwa na hasira, na ile chai ilikuwa ya mgeni, ilikuwa imekolezwa sukari hasa. Akamshika mumewe kidevu, akamnywesha polepole kama mtoto, kikombe chote, na nusu ya kingine. Kaka mtu akaendelea na hotuba. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya heshima ya ukoo wakati Mstari alipoinua uso, akamtazama, akatabasamu.

"Kaka! Umekuja saa ngapi? Mbona hamkuniamsha?"

Mkewe akaweka kikombe mezani.

"Shemeji," akasema, "pombe gani hiyo inayotolewa na chai ya sukari?"

Kesho yake alimpeleka kliniki, na safari hii hakukubali kuambiwa anayefuata. Aliketi. Alisema haondoki. Akapatikana muuguzi mmoja mwenye subira, akamuuliza Mstari swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu aanze dawa: "Baba, ukishajidunga unakula nini?"

"Sili. Nimeambiwa nipunguze."

Muuguzi alifumba macho kidogo. Kisha akaeleza, na maelezo yake nayarudia hapa kama mke wa Mstari alivyotusimulia, kwa sababu kuna mtu anasikiliza sasa hivi ambaye anayahitaji.

"Ubongo ni mlaji mkubwa, baba, halafu hauna ghala. Unategemea sukari iliyo kwenye damu saa hiyo hiyo. Ukijidunga usile, sukari inashuka, ubongo unakosa chakula. Hapo unasahau, unachanganya maneno, unakuwa mkali, unatetemeka, unapepesuka. Mtu akikuona anasema mlevi. Miguu inatembea, mdomo unaongea, lakini mwenye nyumba ametoka."

Mstari alifikiri. Kisha akauliza swali, na mimi naona hakuna daktari angeuliza zuri zaidi. "Sasa mwenye nyumba akishatoka, nani atakumbuka kula?"

Muuguzi akawageukia mke na binti. "Ndiyo maana walio karibu yako lazima wajue."

Walio karibu yake wakajua. Dawa ikapimwa upya, chakula kikapangiwa saa. Binti alishona mfuko mdogo ndani ya shati la baba yake, humo zikawekwa pipi. Kaka mtu aliona aibu, na aibu yake aliionyesha kwa ndizi. Kila alipopita alileta mkungu. Mstari akasema, "Kaka, nina kisukari, sijawa tumbili." Walicheka tena ndani ya nyumba ile. Akili yake ilirudi. Alikumbuka majina. Mkono ulitulia.

Mngedhani hadithi inaishia hapo. Sisi tungependa iishie hapo.

Mstari alienda kwa mwenye saluni kumweleza. Alivaa shati lililopigwa pasi, alisimama mlangoni kama anayeomba kazi mara ya kwanza. Akaeleza yote, kisukari, sindano, njaa, ubongo. Mwenye saluni alimsikiliza huku akichokoa meno.

"Bwana, kila mlevi ana ugonjwa wake," akasema.

Alienda kwa bwana harusi, naye alikataa kufungua mlango. Aliwaeleza wateja wa zamani, wakamwitikia "pole, pole," kisha akigeuka wakakonyezana. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti, akamwambia mkewe, "Ugonjwa nimeuelewa. Watu siwaelewi. Nawaambia ukweli wananitazama kama nimewaharibia kitu."

Na alikuwa amewaharibia. Alikuwa amewaharibia hadithi tamu. Kinyozi mlevi aliyechora barabara kichwani mwa bwana harusi, nani atakubali kuiacha hiyo? Ukweli wa Mstari haukuwa na kichekesho ndani yake. Ulikuwa na damu, na sindano, na chakula cha mchana. Haukwenda mbali.

Akaamua kufungua kibanda chake mwenyewe. Wateja wachache waliomwamini walikuwa wanamfuata nyumbani, akiwanyolea sebuleni. Siku ya kwenda kuomba kibali alimnyoa jirani asubuhi, akapaka spiriti, akanawa. Akajidunga. Akala, mkewe alimwona akila. Akaenda ofisi ya vibali mapema ili awahi.

Foleni ilikuwa imeshajaa. Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa, kula na kunywa ni marufuku. Saa zikaenda. Mstari alikaribia dirisha. Na alipokuwa amebakiza watu wachache mbele yake, karani akashusha kipazia. Makarani walikuwa wanaenda kula.

Nataka hilo likae nanyi kidogo. Walienda kula. Ni haki yao, kila mtu ale. Lakini watu waliosimama upande huu wa dirisha waliambiwa asiyekuwepo dirisha likifunguliwa atarudi mwisho wa foleni. Mstari alibaki amesimama. Pipi zilikuwa kwenye shati. Labda alitazama lile tangazo ukutani akasema asubiri kidogo. Labda wakati huo mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kutoka. Hatujui.

Tunalojua ni hili. Alianza kumwambia mtu wa mbele yake akae anyolewe. Akamshika kichwa kwa upole, akamgeuza kuelekea ukutani kama kuna kioo. Watu wakaangua kicheko. Kisha sauti moja ikatoka nyuma: "Si Kona huyo? Leo ameanza mapema!"

Alihitajika mtu mmoja tu wa kusema, "Ana kisukari, mpeni pipi." Baadhi yao alikuwa amewaeleza kwa mdomo wake. Walikuwepo pale. Hawakusema.

Mlinzi alimshika kwapani, akamtoa nje, akamkalisha kwenye kivuli cha ukuta. Mlinzi huyo tumeongea naye. Hakujificha. "Nilimtoa bila kumpiga," alisema. "Nilidhani namsaidia, apumzike, imwishe. Alikuwa ananuka. Watu wote walisema wanamjua."

Watu wote walisema wanamjua.

Mchana ule ofisi iliendelea na kazi yake. Watu waliingia, watu walitoka, walimruka miguu. Mmoja alimpiga picha. Mkewe alikuwa anapachika mapazia kwenye jengo lingine, alipiga simu mara kadhaa, ikaita bila kupokelewa. Ofisi ilipofungwa, mlinzi akaja kumwamsha ili afunge geti. Hakuamka. Alikuwa baridi, ameloa, anakoroma kwa namna isiyo ya usingizi. Ni yule yule mlinzi aliyembeba, akasimamisha gari, akamfikisha hospitali.

Walimpima sukari, ilikuwa karibu hakuna. Wakamwekea dripu. Sukari ikapanda, kila kitu kwenye mashine kikawa sawa. Lakini ubongo ulikuwa umekaa na njaa muda mrefu mno. Mstari hakufungua macho. Mkewe alikaa upande mmoja, kaka yake upande wa pili. Muuguzi alipomkabidhi mkewe shati, pipi zote zilikuwemo, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Kaka mtu akaondoka chumbani, akasikika huko nje akijisema kwa sauti, "Mimi ndiye niliyemwambia asile. Mimi." Siku chache baadaye, Mstari alifariki.

Siku ya mazishi watu walikuja wengi. Vichwa vingi pale vilikuwa kazi ya mikono yake. Na mtu mmoja, mtu mzima, mwenye nia njema kabisa, alimshika mjane mikono miwili, akainama, akamwambia, "Pole sana, mama. Pombe imetumalizia watu."

Mjane alituambia, "Sikulia pale kaburini. Nililia hapo."

Ndiyo maana alipiga simu redioni. Hakutaka muziki. Hakutaka tumtaje kwa sifa nyingi. Tulipomuuliza angependa tuseme nini juu ya mumewe, alisema, "Semeni hakunywa. Semeni kwa nguvu, redio inafika nisikofika."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki tunatoa pole kwa mjane, kwa binti, na kwa kaka mtu, ambaye sasa anakwenda kliniki kila wiki kuwaambia wagonjwa wapya wale chakula chao. Tunajua pole yetu haimrudishi mtu kwenye kiti chake.

Na ninyi mnaosikiliza, tafakarini nami. Kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani, usimpongeze kwa kukaa na njaa. Mwulize mhudumu wa afya ale nini na ale saa ngapi, na usiondoke hadi uelewe. Ukimwona anachanganyikiwa, anatoka jasho, anatetemeka, na bado anaweza kumeza, mpe kitu kitamu haraka. Kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na ukikuta mtu amekaa kando ya ukuta, watu wanamcheka, usianze na pua yako. Inama. Mwulize kama amekula.

Mama, unasikiliza, najua. Tumefika usikofika, na tunasema kwa nguvu kama ulivyotaka. Mumeo hakunywa. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: yule kinyozi hakunywa. Alikuwa na njaa, katikati ya watu walioshiba.